Vitalu

Saa nane ya usiku, Ilazo. Upepo wa Julai
unagonga mabati kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya maji
diski inakwaruza.
Si mkwaruzo wa kuvunjika. Ni wa mtu aliyetumwa
Kizota akachukue kilo moja, Nzuguni akachukue nusu,
kisha Kizota tena, maana amesahau chumvi.

Vihisi arobaini na viwili kule visimani
vinanong'ona kila sekunde kumi: kina, chumvi, joto.
Kila kimoja kina faili lake, na kila faili
linaomba kitalu. Kimoja tu, kwa adabu.
Mfumo unalipa la kwanza kilicho wazi,
la pili kinachofuata, la tatu kinachofuata,
hata habari za kisima namba tisa
zikalala vipande vipande katikati ya majirani
kama ukoo uliogawiwa viwanja kwa foleni:
mjomba Kitalu B, shangazi Kitalu R,
na bibi, asiyeweza kutembea, ng'ambo ya reli.

Baba alishika ncha ya mnyororo wa wapima
miaka mji huu ulipokuwa mchoro na mbigili.
"Usimpimie mtu nyumba," alikuwa akisema,
"mpimie na watoto ambao hajawazaa."
Alisema hivyo,
kisha akatujengea sisi sita chumba kimoja.

Nikafungua kiini cha mfumo. Mstari wa mia sita na kitu,
pale panapoamuliwa vitalu vingapi vitengwe
mbele ya faili kabla halijaomba,
palikaa sifuri.
Nikaifuta. Nikaandika elfu nne.
Chilewa, aliyesinzia kitini, akafumbua jicho moja:
"Umerithi wapi?"
Nikajenga kiini upya, dakika arobaini, vikombe viwili vya chai.
Nikawasha.

Siku tatu za kimya.
Siku ya nne, alfajiri: nafasi imekwisha.
Imekwishaje? Theluthi mbili ya diski haijaandikwa neno!
Nikazunguka humo kama karani wa ardhi:
kila kijifaili cha mistari miwili,
notisi ya kikao kilichoahirishwa, orodha ya funguo,
kimeshikilia uwanja wenye ukubwa wa shule.
Nyasi, bikoni nne, na ukuta wa nusu mita
wenye rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
Na vihisi vimesimama nje, vimebeba maji ya usiku kucha,
havina pa kuyatua.

Haya. Basi tusigawe kwa hofu, wala kwa kiburi.
Anza na nane.
Likizijaza, lipe kumi na sita, likijaza tena, thelathini na mbili,
likome sitini na nne.
Anayejenga ndiye anayeongezewa.
Na faili likifungwa, kilichobaki kirudi mjini
saa hiyohiyo, bila barua.
Hilo la mwisho lilinichukua wiki nzima.
Kutenga ni rahisi; kunyang'anya bila kubomoa
ukuta wa jirani, hapo ndipo nilipokosea mara tano,
na mara ya tano nikapoteza kumbukumbu za Jumanne yote,
ambazo sikumwambia mtu ila wewe.

Jana nikaliita faili la kisima namba tisa, miezi mitatu.
Zamani ningekwenda kununua mihogo, nile, nirudi.
Chilewa akainama, akategea sikio kwenye kasha la diski.
"Imekufa?"
"Hapana. Inasoma."

Mkwaruzo hakuna. Sindano inateleza mfululizo
kama jembe kwenye tuta la zabibu, bila kuruka.
Sekunde kumi na nne, mchoro ukatokea wote kwenye kioo,
nasi tukaacha kuongea.

Tangu Mei
maji yameshuka mita tatu.
Yalikuwa yakishuka muda wote ule
tulipokuwa tukisubiri faili lifunguke.